Mama Ganzi, Tabibu wa Meno ya Askari

Alizaliwa msimu wa mvua, katika vyumba viwili vilivyo nyuma ya karakana ya baba yake, fundi saa. Kwa baba alirithi mikono isiyotetemeka. Kwa mama, sala ya asubuhi, ambayo aliisali huku akifagia. Alisomea utabibu wa meno, akaolewa na mwalimu, akafiwa na mumewe angali kijana, akabaki na mtoto mmoja wa kiume. Kwa miaka kumi na minane mama na mwana walikula meza moja, mama akimkemea kwa kupenda sukari, mwana akimtania: "Wewe mama, hata peponi utawakagua watu meno mlangoni."

Mwaka wa pili wa vita kijana alichukuliwa jeshini. Barua zilikuja tatu, kisha kimya. Padri wa parokia alimkuta mama huyo kanisani siku ya kazi, amepiga magoti, mfuko wa vyombo vyake ubavuni. "Naenda mstari wa mbele, padri," alisema. "Askari wanaumwa meno na hawana wa kuwatazama. Na Mungu akipenda, katika vinywa hivyo nitakiona kimoja ninachokijua." Hakuificha nia yake, nasi hatutaificha.

Alipewa darasa la shule iliyofungwa, na kiti cha mwalimu kikawa kiti cha wagonjwa. Walimjia wanaume waliozoea risasi, sasa wakilia kama watoto, mashavu yamevimba, siku nne hawajala. Mmoja alikuwa amejaribu kujing'oa jino kwa koleo la fundi magari, akajivunja taya. Aliwaambia, "Pole, mwanangu," akawachoma sindano ya ganzi. Ndipo wakampa jina lake. Lakini kabla ya kugusa jino bovu, macho yake yalikwenda kwanza kwenye gego la chini la kushoto, ambalo kwa mwanawe alikuwa ameliziba mwenyewe. Kila mara halikuwa lile. Alishusha pumzi, akaanza kazi.

Ijumaa moja ya Kwaresima aliletewa ofisa wa adui, mateka. Jipu la jino lilikuwa limeshuka shingoni, ulimi umesukumwa juu, pumzi zinapita kwa mluzi. Ganzi ilikuwa imebaki vichupa viwili.

"Mama, huyu ametumiminia makombora wiki nzima," sajenti alisema. "Mwache aoze!"

"Ameshaoza, mwanangu, ndiyo maana kaletwa. Mshike kichwa."

Askari waliangua kicheko, na sajenti akamshika. Mama alimchoma ganzi, akapasua jipu, usaha ukamwagika, akang'oa jino, na yule mtu akavuta hewa. Alipoweza kusema, mama alimuuliza kama kwenye kambi zao za mateka amewahi kumwona kijana mrefu, mcheshi, mpenda sukari. Ofisa akatokwa na machozi. "Laiti ningekuwa na jibu, mama."

Muuguzi aliyemsaidia ameapa mbele ya tume ya jimbo inayochunguza utakatifu wake kwamba kichupa kimoja kilichobaki kiliwatosha wagonjwa wote waliofuata, hadi shehena mpya ilipofika siku ya kumi na moja. Kanisa bado halijatamka neno juu ya hilo.

Homa ya matumbo ilimchukua miezi miwili kabla ya amani. "Sikumwona, padri," alisema. Padri akamjibu kwamba amewaona wengi. "Wengi, ndiyo. Yeye sikumwona." Akakata roho mchana, mikono imetulia.

Ofisa yule aliporudi kwao alitumia miaka yake iliyobaki kupekua orodha za mateka akimtafuta kijana. Hakumpata. Katika kumtafuta, aliwapelekea akina mama arobaini na mmoja habari za watoto wao, tisa kati yao wakiwa hai.

Enyi mnaomngoja asiyerudi, mwombeni mama huyu awakumbuke. Kiu yake haikutulizwa hapa duniani. Aliibeba hadi mwisho huku akiwapoza maumivu watoto wa wenzake. Nasi tujaliwe kufanya hivyo, kwa yeyote atakayeketi mbele yetu.