Pale Pale pa Siku Zote

"Mbona sikukuona mazikoni jana?"

Nilimuuliza jirani yangu swali hilo nikiwa nimesimama mlangoni kwake, bakuli la mbaazi mkononi. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, kofia kichwani, akisikiliza redio. Akaizima.

"Mazikoni kwa nani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyemwambia. Rafiki yake, aliyeendesha naye teksi zaidi ya miaka ishirini, alikuwa amezikwa baada ya swala ya Ijumaa, mwendo wa robo saa tu kutoka hapa kwetu Laurel, huku ughaibuni tunakoishi. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake kampigia simu. Nikaweka bakuli chini, nikamweleza. Hakulia. Alisema tu, "Hata udongo sikumtia."

Kwetu watu wa pwani, waliohudhuria mazishi huchota udongo kwa mikono, mara tatu, wakautia kaburini. Ni jambo dogo, lakini ndilo la mwisho unaloweza kumfanyia mwenzako.

Kisukari kilimwondolea jirani yangu macho, na tangu hapo simu yake ndiyo inayomsomea. Humsomea kwa Kiswahili cha mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi, lakini husoma. Nikamwambia tangazo lilitumwa Alhamisi katika kundi la simu la jumuiya yetu, na likawekwa kwenye tovuti pia. Akanisukumia simu. "Litafute basi."

Nikalipata, bango la picha lenye maua na maandishi, nikaligusa. Sauti ikasema: "Picha. Maua mekundu. Huenda ni mtu mmoja."

"Umesikia?" akasema. "Kila siku naletewa maua mekundu. Harusi, maua mekundu. Mtu auza sambusa, maua mekundu. Nitajuaje kuwa haya ni ya maiti?"

Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Kazi inayonilisha ni hiyo hiyo. Kampuni yangu hupewa kandarasi na ofisi za serikali, nami hushinda mchana kutwa nikihakikisha kwamba kurasa zao za tovuti zinaeleweka na mashine. Mtu akitazama ukurasa, jicho lake linajua papo hapo kwamba hii ni tarehe, ile ni anwani, yule ni mkurugenzi. Mashine haijui. Kwake yote ni maneno tu, au mbaya zaidi, picha tu. Lazima mtu aiwekee lebo: hili ni tukio, hii ndiyo siku yake, hapa ndipo mahali pake. Ikishaelewa, inaweza kumsomea kipofu, kuweka siku kwenye kalenda, kuita teksi. Nilikuwa nawafanyia hayo watu nisiowajua, na tovuti ya jumuiya yetu wenyewe ilikuwa ukuta wa mabango.

Nikamwahidi mbele ya mbaazi zake kwamba hatakosa tena mazishi ya mtu kwa sababu ya picha.

Jumamosi hiyo hiyo nikaenda mtaa wa Riverdale Park kwa katibu wetu, mama wa Kizanzibari anayetengeneza mabango yote ya jumuiya kwa mkono wake, bila malipo. Nilimkuta sebuleni akijaza pipa la bluu la kusafirishia vitu nyumbani kwa meli: shuka, sabuni, viatu vya wajukuu. Nikamweleza kilichotokea. Akaketi juu ya kochi, mkono kifuani.

"Masikini! Na mimi nlilipamba lile bango mpaka saa sita za usiku."

"Lilipendeza, dada. Lakini simu yake haikuona ila maua."

"Sasa unataka nini? Niandike maneno matupu kama notisi ya kodi? Maiti ana heshima yake, yakhe. Anastahiki maua."

Nikatazama lile pipa. "Hilo ukishalifunga, mtu wa forodha atajuaje kilichomo?"

"Si nabandika orodha kwa nje."

"Na ukisahau orodha?"

"Atalifungua, atanivurugia vitu vyangu, ama atalitia kando lilale hapo miezi." Akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Ushanitega."

"Bango lako ni pipa, dada. Maua yabaki ndani. Mimi naomba orodha ya nje tu."

Akacheka, akanipa chai, tukaanza. Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Nikamwomba aandike tangazo lolote kwa maneno, kwa mazoezi. Nilipotaka liwe la msiba alinifokea: "Nimuue nani? Uniandikishe mtu aliye hai kuwa maiti, mimi?" Basi tukachukua lile la Ijumaa. Akaandika haraka, kama alivyozoea: *Mazishi Ijumaa, baada ya swala, pale pale pa siku zote.*

Nikasoma mara mbili. Bango lenyewe, hata kwa mwenye macho, lilikuwa limesema hivyo hivyo.

"Pale pale wapi?"

"Kila mtu anapajua."

"Simu yake haipajui. Na anayeendesha teksi ya kumchukua hapajui."

Huo si ugonjwa wa katibu peke yake. Sote tunaishi hivyo hapa. Ukumbi ule ule, kwa yule mama wa maandazi, msikiti wa zamani si ule mpya. Tumejichorea ramani vichwani, na aliyekuja miaka mingi iliyopita haulizi. Lakini aliyehamia mwezi uliopita kutoka Lubumbashi hana ramani hiyo, na mashine haitakuwa nayo kamwe mpaka mtu aiambie nambari ya nyumba na jina la barabara. Nilimwambia katibu hivyo. Hakubishana. Alifungua daftari lake, akaanza kuniandikia anwani za kila "pale pale" petu. Zilijaa kurasa mbili.

Nikamtengenezea fomu yenye visanduku: jina la marehemu, swala wapi, saa ngapi, kaburi wapi. Nyuma ya kila kisanduku nikaweka lebo ambayo mtu haioni ila mashine huisoma. Chini kabisa, nafasi ya bango, maua na yote. Nilijiona fundi. Katibu akaipitia kwa kidole.

"Umesahau kitu."

"Kipi?"

"Watu wanamwitaje? Wewe umeweka jina la pasipoti. Nani anakujua kwa jina la pasipoti? Ukifa kesho nikaandika hilo, watauliza ndiye nani huyo, wasije."

Miaka yote ya kazi, na sikulifikiria. Nikaongeza kisanduku: *anajulikana kama*. Kwa mashine ni jambo rahisi sana, kuiambia kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Ila lazima awepo wa kukumbuka kulisema.

Ilibaki kujaribu kwa kitu halisi. Nikaongeza fomu ya pili ya shughuli za kawaida, na katibu akatangaza mchezo wa bao, Jumapili saa kumi alasiri, na kwenye kisanduku cha mahali akaweka anwani ya jirani yangu bila kumwambia. Kabla sijafika nyumbani, simu yangu ikalia.

"Wewe! Nani kaalika watu kwangu kucheza bao?"

"Umejuaje?"

"Simu imenisomea! Nambari ya nyumba yangu, mtaa wangu, saa kumi! Yaniuliza ati niweke kwenye kalenda!" Kisha sauti yake ikatulia, akaniita mwalimu kwa mara ya kwanza. "Imesoma yote, mwalimu."

"Imesoma yote."

"Basi leteni kahawa. Mimi sina kahawa ya jeshi zima."

Nilijua bao silo lililotuingiza kazini, ni mazishi. Kwa wiki kadhaa niliwafundisha wengine watatu wa kamati ya jumuiya kujaza fomu, mmoja mmoja, jikoni mwao. Kila mmoja aliandika "pale pale" angalau mara moja, na kila mmoja nilimrudishia kwa upole. Anayejifunza hukosea pale anapojua zaidi, kwa hiyo sikuwacheka.

Kisha akafariki mzee mmoja aliyekuwa akiuza kofia na udi baada ya swala. Jina lake la pasipoti lilikuwa geni kwangu kabisa. Tangazo liliingia asubuhi, mazishi adhuhuri ya siku ile ile. Nilimpigia jirani yangu nipate kumchukua. Hakupokea. Nikaenda kwake, mlango umefungwa. Nikaendesha hadi makaburini na moyo mzito.

Alikuwa amesimama karibu na lundo la udongo, fimbo mkononi, kanzu imepigwa pasi, kafika kabla ya jeneza.

"Umechelewa, mwalimu," akasema aliposikia salamu yangu. "Jina lile sikulijua. Simu iliposoma anajulikana kama, nikamtambua, nikaita teksi."

Wakati ulipofika, nilimshika kiwiko. Akainama, akachota, akatia. Mara tatu. Hakuharakisha.

Watu walipoanza kutawanyika, hakuondoka. "Sasa nipeleke kwake," akasema.

Nilielewa ni kwa rafiki yake. Nilitazama upande wa mashariki, ambako mistari ya makaburi mapya ilifanana yote, vibao vidogo vya muda vimelalia nyasi. Nilikuwepo siku ile tulipomzika, na bado sikujua ni wapi. Hatukuwa tumeandika mstari wala nambari. Kwetu ilikuwa kule kule.

Akaweka mkono begani mwangu, tukaanza kutembea, mimi nikimsomea kibao kimoja baada ya kingine, kama simu yake. Tulipita mistari miwili. Kwenye wa tatu nilisoma jina na mkono wake ukakaza bega langu.

Akachuchumaa, akapapasa nyasi mpaka akafikia udongo mtupu, akaacha kiganja chake hapo. Nikarudi nyuma hatua chache kumwachia nafasi. Nilitoa simu, nikamwandikia katibu: *Tuongeze kisanduku. Mstari na nambari ya kaburi.*

Jibu lilikuja kabla hajasimama: *Ya wote waliokwisha tangulia pia. Kesho njoo tuanze.*