Watoto Waliomeza H

Bibi ninayemhudumia hapa ughaibuni, mjini Saint Louis Park, alizaliwa London. Kila asubuhi, akishameza dawa, hutaka nimshikie kitabu chake cha katuni za zamani: watoto wa uchochoroni wenye suruali za viraka, wanamfunga mbuzi mlangoni kwa polisi kisha wanatoka nduki. Huzisoma kwa sauti, akicheka mpaka akohoe. Mimi sicheki. Watoto hao nawajua tangu Nakuru.

Kitabu kama hicho tuliachiwa na Mzungu ambaye baba alikuwa mpishi wake. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulijifunzia Kiingereza humo. Wale watoto, kama watu wa mitaa ya London, walimeza herufi H, nasi tukaimeza: “ouse” badala ya “house”, “ospital” badala ya “hospital”. Tuliamini hicho ndicho Kiingereza chenyewe, na cha mwalimu wetu ni cha kuombea maji.

Nilipofika darasa la sita mwalimu akanisahihisha. Nyumbani sikusema kitu. Mdogo wangu alikuwa akinishinda kila somo, na wivu ulikuwa umenikaba. Nikasema acha naye akione cha mtema kuni. Akaandika insha nzima ya mtihani bila H hata moja. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, wenzake wakavunjika mbavu.

Jioni hiyo aliniuliza, “Dada, ulikuwa unajua?”

“Ningejuaje mimi?”

Hakutamka tena neno la Kiingereza, na muhula uliofuata akaacha shule. Alifariki mwaka juzi. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa garini nje ya kazi yangu ya pili kule Plymouth, mji jirani.

Siku hizi, nikiwa jikoni nakoroga uji, sauti huniita kutoka chumbani, imemeza H, nami naitika kwa Kiswahili: “Nakuja, mdogo wangu!” Nafika mlangoni, ni bibi. Naogopa, lakini siku sauti hiyo isiponiita naogopa zaidi.

Juzi bibi alikuwa akisoma, akafika kwenye “ouse”. Maneno yakanitoka yenyewe. Nikamwambia kwa ukali kwamba neno hilo lina H, kwamba watu watamcheka. Kumbe namsahihisha mtu anayesema lugha ya mama yake, na yule niliyepaswa kumsahihisha yuko kaburini.

Bibi alikifunga kitabu. Leo nimemfungulia kitabu kama kawaida. Akafungua mdomo asome, akanitazama usoni, akaufunga.