Sauti ya Dada Kwenye Kibao cha Shaba

Dada yangu mkubwa alikuwa akiuza samaki wa kukaanga sokoni Mlandizi, na wateja walimsikia kabla ya kumwona. Saratani ilipomshika kooni, madaktari wa Dar walimtoa sehemu yote inayotoa sauti, wakamwachia tundu dogo chini ya shingo la kupumulia. Akaacha soko, akarudi Masaki, Kisarawe, kwenye nyumba aliyotuachia mama, akawa anaishi na binti yake na kulima mihogo.

Hospitali ilimpa kifaa cha kuongelea, umbo lake kama tochi ndogo. Alikibana chini ya kidevu, akabonyeza kitufe, kikatetema, na yeye akachezesha midomo kama mtu anayeongea kawaida. Maneno yalitoka yamenyooka, hayapandi wala hayashuki, kama nyuki wamefungiwa ndani ya debe. Tulizoea. Kila Ijumaa baada ya swala alinipigia simu, na kabla ya salamu aliuliza, "Upo?"

Kisha kile kifaa kikazima, kikagoma kabisa kuwaka. Ijumaa iliyofuata simu yake iliita kama kawaida. Nilipopokea nilisikia ukucha unagonga kwenye simu. Nikazungumza peke yangu, nikamweleza kazi za karakana na mvua iliyogoma kunyesha. Akagonga tena, akakata.

Karakana yangu ipo Kibaha, upande wa kwenda Soga. Nachonga milango na vitanda kwa mashine kubwa inayoongozwa na kompyuta, meza yake inalaza mlango mzima. Nilikwenda Masaki nikakichukua kile kifaa, nikampelekea fundi redio aliye jirani yangu. Alikifungua, akaniambia vipuri karibu vyote ni vizima. Kilichokufa ni bodi, kile kibao chembamba chenye njia za shaba zinazopitisha umeme kutoka kipuri hadi kipuri. Jasho la shingoni lilikuwa limeila shaba ikageuka ukungu wa kijani. Hospitali hawakuwa na kifaa kingine, na hawakujua lini wangeletewa. Fundi akasema kama ningepata bodi mpya inayofanana na ile, vipuri angevihamisha yeye.

Nilimwambia mashine ninayo. Akaitazama ilivyokuwa ikichonga ua kwenye ubao wa mninga, vumbi limejaa kote, akatikisa kichwa. Njia nyingine za ile bodi zilikuwa nyembamba kama uzi wa cherehani.

Tulipiga picha mabaki ya bodi, tukachora upya njia zilizoliwa, nikaanza. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unachukua kibao chenye utando wa shaba, biti yenye ncha kama sindano inakwangua shaba usiyoitaka, na inayobaki ndiyo njia. Lakini meza yangu ilitengenezwa kwa milango. Upande mmoja ulikuwa umebonyea kiasi ambacho jicho halioni, basi biti ilizama kwenye kona hii ikavunjika, na kwenye kona ile ikapita hewani bila kugusa shaba. Nikaisawazisha meza. Kibao nacho kikawa kimepinda, nikakibandika kwa gundi ya pande mbili. Halafu nikagundua kuwa mkono wa mashine ukigeuza mwelekeo unacheza kidogo sana. Kwenye mlango hakuna ambaye angeuona mchezo ule, ila kwenye shaba ulitosha kula njia nzima.

Miezi ilikwenda. Wateja wa vitanda walinuna, na mke wangu aliacha kuniuliza. Niliponunua vibao vingine muuzaji alidhani nimefungua kiwanda. Huko Masaki mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike. Nilipokwenda kumwona, dada alikuwa amempakata, anampigapiga mgongoni na kumgongeshea ulimi mdomoni, ta, ta, ta. Hakuwa na namna nyingine ya kumbembeleza. Aliniangalia kwa kuuliza. Nikamwambia bado.

Kilichonisaidia mwishowe ni waya mbili. Moja niliifunga kwenye biti, nyingine kwenye shaba, mashine ikawa inagusa kibao huku na huku na kukumbuka wapi pameinuka na wapi pameshuka, ndipo ianze kuchonga ikifuata hali ya kibao. Nilikaza skrubu zote za mkono, nikaipunguza mwendo mpaka ikawa inatambaa. Kibao kilipotoka nilikisugua, nikakiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Njia zote zilikuwepo. Fundi alihamisha vipuri, akabonyeza kitufe, kifaa kikanguruma mkononi mwake. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilihisi uchovu tu.

Nilichukua bodaboda hadi Masaki siku hiyo hiyo. Dada alikuwa barazani anamenya muhogo, mjukuu anatambaa pembeni yake. Nikamwamkia, nikampa kile kifaa. Alifuta mikono kwenye kanga, akakibana chini ya kidevu.

"Mdogo wangu," akasema, "umekonda."

Mtoto alishtuka, akamtazama bibi yake usoni, akapiga ukelele. Dada alijaribu kumwita jina kwa ile sauti, na mtoto akazidi kulia, akatambaa kwa mama yake, akajificha kifuani. Hakukubali kubebwa na dada mpaka kifaa kilipoondolewa asikione.

Baadaye dada alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, akakiwasha tena. Nikamwambia mtoto atazoea, kama sisi tulivyozoea.

"Ninyi mlinisikia kabla," akasema. "Huyu ananijua hivi hivi nilivyo. Sitaki anikimbie."

Alinishukuru, akakifunga kwenye leso, na tuliporudi barazani alikuwa kimya. Tangu siku ile alikitumia Ijumaa tu, akienda mikoroshoni kunipigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia majani yakichakarika, na mara nyingine mpwa wangu akimwambia kwa mbali kwamba mtoto ameamka. Hapo alikata bila kuaga.

Kabla mtoto hajaanza kutembea ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Dada akakosa nguvu ya kushika kitu shingoni. Nilimtembelea, tukawa tunakaa tu, mtoto amelala ubavuni mwake. Alifariki mchana mmoja wa masika, na tulimzika kabla ya magharibi huku mvua ikinyesha.

Baada ya arobaini mpwa wangu alinirudishia kile kifaa. Nilikipeleka hospitali. Muuguzi alikiwasha, akakisikiliza, akaniuliza kama kimewahi kufunguliwa. Nikamwambia ndiyo, bodi ni mpya. Akasema yupo mgonjwa wodini ambaye amekuwa akisubiri, angempa leo hii, na kama ningependa ningeweza kungoja nimsikie. Nikamwambia nina kazi Kibaha, nikaondoka.