Nicolasa Anakabidhi Majalada

Nicolasa Huarachi hakuolewa wala hakuzaa, na dada yake wa pekee alihamia Arequipa akasahau njia ya kurudi. Lakini ukijaribu kumwonea huruma, angekukata jicho. "Mimi nina makompadre arobaini," angekujibu. "Wewe unao wangapi?"

Aliwapata kazini. Kwa miaka kumi na tisa alitunza kumbukumbu za misaada katika Jiko la Wazee la Ayaviri, chama kidogo chenye vyumba viwili, sufuria sita na baridi isiyo na adabu. Wafadhili wa mbali walileta fomu. Watu wa mji walileta vitu, na kwetu huku kitu hakitolewi hivihivi. Lazima kiwe na padrino wake, kama mtoto anavyokuwa na msimamizi wa ubatizo. Aliyetoa jiko la gesi ni padrino wa jiko. Mwanamke aliyetoa mablanketi ni madrina wa mablanketi. Siku ya kukabidhi mnamwagiana vipande vya karatasi vichwani, bia inazunguka, na mkimaliza ninyi ni kompadre na komadre, ndugu wa kuchaguana, hadi kaburini. Aliyepokea kwa niaba ya chama alikuwa Nicolasa, mwaka baada ya mwaka. Undugu ni kufaana, si kufanana, alikuwa akisema, na aliamini.

Sasa magoti yalikuwa yamechoka, na Ijumaa angekabidhi ofisi. Mshahara haukumsumbua, maana haukuwahi kumtosha. Aliogopa jambo moja tu: akishatoka mlango ule, wale watu watabaki wake?

Wa kushika nafasi yake, Yesenia Cutipa, alitoka Puno na agizo la mfadhili la kuweka majalada sawa. Alifungua kabati, akasimama.

"Doña Nico, mwaka elfu mbili kumi na sita uko wapi?"

"Uko kwa Froilán Ticona."

"Ndiye nani huyo?"

"Padrino wa paa. Mwaka ule ndio alituezekea. Na barua ya Wajerumani imo humohumo, ilikuja paa likivuja."

"Yaani umepanga kwa majina ya watu?"

"Ulitaka nipange kwa nini, kwa hali ya hewa?"

Yesenia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mfadhili alitaka miaka, hakutaka makompadre, na asipoiona, msaada ungekatika. Basi wakakaa sakafuni siku mbili wakifumua jalada baada ya jalada: barua huku, stakabadhi kule, picha za vikongwe na bakuli zao za supu mahali pengine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilishika asubuhi ya kwanza, na Nicolasa akampenda kwa hilo, ingawa kila karatasi iliyohamishwa ilimchoma.

Katikati ya majalada zilidondoka kadi za mwaliko. Harusi, ubatizo, misa za marehemu. Nicolasa hakuwahi kutupa hata moja.

"Hizi si za mfadhili," Yesenia alisema. "Zilizo zako chukua, Doña. Za ofisi niachie nizitoboe, nizifunge jaladani."

Nicolasa alivaa miwani, akakunjua mfuko wa kuzibebea. Kadi ya kwanza: Kwa Jiko la Wazee. Ya pili vilevile. Ya harusi ya binti wa Froilán, ambako alicheza mpaka kiatu kikapasuka: Kwa Uongozi wa Jiko la Wazee. Alisoma sabini na moja, akigeuza na upande wa nyuma. Jina la Nicolasa halikuwepo popote. Upweke aliousikia pale sakafuni, ubavuni mwa mtu, hakuwahi kuusikia hata chumbani kwake.

"Zako ngapi?" Yesenia aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hizi za ofisi."

"Zote?"

"Toboa tu, mwanangu."

Moja ilikuwa haijapita siku yake: ubatizo wa mjukuu wa Froilán, Jumapili inayokuja. Nicolasa aliishika kidogo, kisha akaiweka juu ya mkoba wa Yesenia.

"Hii utakwenda wewe. Usile kabla ya kutoka, kwao wanajaza sahani, na ukibakiza wananuna. Na wakikuita komadre, itika."