Behewa Nililoliandikia "Sawa"

Niliondoka Busia kwa sababu nilishindwa kukaa. Tangu nistaafu kazi ya kukagua mabehewa pale Malaba, sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Mke wangu, Nekesa, alidhani nina hamu ya treni. "Baba Wandera, si uende Tororo ukaziangalie hata siku moja?" alisema. Hakujua kilichokuwa kikinisukuma.

Saa moja asubuhi nilivuka mpaka kwa miguu, nikapanda pikipiki upande wa Uganda. Tulipita Sikuda, watu wakipalilia mihogo. Kila mara mwenye pikipiki alipopunguza mwendo nilimhimiza. Alipoongeza, nilitamani tugeuke.

Saa tatu nilimkuta Owor kwenye kivuko cha reli cha Tororo, karibu na makutano ambapo njia ya Kampala na ya Mbale huachana. Tulifahamiana zamani, alipokuwa akisindikiza treni za mizigo kutoka Malaba. Sasa hulinda kivuko, bendera mkononi, gongo kwapani. Mguu wake ulivunjika siku behewa lilipoacha reli.

"Karibu, mzee! Wewe nakuja kuona treni?"

"Nimekuja kukuona wewe."

Treni ya kwanza ilipita na makontena, ya pili na matangi ya mafuta. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, masikio yakikagua magurudumu bila kutumwa. Palipotulia nilifungua mdomo, honi ya nyingine ikalia. Nikashukuru, kisha nikaona haya.

Saa sita, reli ikiwa tupu, nikasema. "Owor, lile behewa lililokuvunja mguu nililikagua mimi. Niligonga gurudumu kwa nyundo, likalia kama chungu chenye ufa. Mvua ilikuwa inakuja. Nikaandika 'sawa' kwa chaki, nikakimbia."

Hakunitazama. Treni ya saruji ilikuwa inakaribia. Akainuka, akazuia baiskeli na malori, akapunga bendera ya kijani mpaka behewa la mwisho likapita. Ndipo akarudi.

"Mimi miaka yote nalaumu dereva ya ile treni," alisema. "Baadaye alikufa. Mimi kwa hasira hapana kwenda kumzika."

Akaikunja bendera yake.

"Bibi yangu amepika, lakini leo mimi hapana kula na wewe. Enda. Jumapili kuja, twende kwa mjane ya dereva. Wewe ndiyo utasema, siyo mimi."

Saa kumi nilikuwa nyumbani, nikamweleza Nekesa yote. Nilikuwa nimedhani kosa langu liliishia kwenye mguu wa mtu mmoja, na kwamba nikishalitamka nitalala. Nimejifunza kwamba lilikwenda mbali zaidi, hadi kwenye kaburi la mtu aliyebeba lawama yangu, na huko pia sharti nifike.

Nekesa alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa gauni lake la kanisani, akaanza kulipiga pasi.

"Jumapili," alisema, "hutakwenda peke yako."