Walioingia Darasa la Sita

Shule iliyokuwa karibu na kwetu iliishia darasa la tano. Binti yangu alipokaribia kulimaliza, ikabidi ahamie mojawapo ya shule tatu za umma katika kaunti yetu ndogo, asome huko la sita hadi la nane. Mimi nilikuwa na mwaka wa nne Doha, mlinzi wa jengo la wapangaji huko Al Mansoura, na kati ya shule hizo tatu sikuwahi kukanyaga hata moja.

Mke wangu alikuwa ameshaamua. Alitaka shule ya mlimani, kwa sababu kila mwaka ndiyo iliyoongoza kwa wastani wa mtihani wa darasa la nane. Sikumpinga. Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu: hesabu zilimchukua binti yetu muda mrefu. Jibu alilipata, lakini wenzake wakiwa wamekwisha kufunga madaftari. Nilitaka kujua wastani ule mzuri unapatikanaje, na mtoto wa aina yake huangukia wapi.

Nilimwomba mke wangu apige picha orodha ya matokeo iliyobandikwa nje ya ofisi ya elimu. Niliinakili nyuma ya ratiba ya zamu iliyokwisha muda: jina la shule, wastani, idadi ya watahiniwa. Jambo moja likanishangaza. Shule ya mlimani, ambayo kila mzazi aliikimbilia, ilikuwa na watahiniwa wachache kuliko zote. Ya sokoni, waliyoikimbia, ndiyo iliyokuwa nao wengi.

Ijumaa ile, chumbani kwetu Eneo la Viwanda, nilimwonyesha karatasi mwenzetu mmoja, dereva wa basi la kampuni, mtu wa kaunti yetu.

"Mlimani ni moto," alisema. "Mwalimu mkuu hakuwa na mchezo. Mimi nimetoka pale."

"La sita hadi la nane?"

"Eeh. Miaka mitano."

Mganda aliyelala kitanda cha chini akainua kichwa. "Mitano? Bwana, hiyo ilikuwa shule ya msingi ama digrii?"

"Cheka tu. La saba nililifanya mara tatu. Maswali niliyajua kabla mwalimu hajaandika ubaoni."

"Ndiyo maana rivasi unaiweza."

Dereva mwenyewe alicheka. Nilipomuuliza kwa nini mara tatu, alieleza bila kinyongo. Kulikuwa na alama za kuvukia kwenda la nane. Usipozifikisha, unabaki, au mzazi anakutafutia shule nyingine. Wengi walipelekwa sokoni.

Nilirudi kwenye karatasi yangu. Kazini, jambo la kwanza nililofundishwa ni kuandika wageni wanaoingia na wageni wanaotoka. Mwisho wa zamu hesabu mbili zisipolingana, kuna mtu bado yumo ndani, na ni juu yako kujua yuko ghorofa gani. Orodha ya ofisi ya elimu ilikuwa imeandika wanaotoka tu.

Nilimpigia mke wangu, nikamwomba aende shule zote tatu aulize la sita lina vyumba vingapi, la saba vingapi, la nane vingapi.

"Baba Watoto, hayo nayo ni maswali? Wenzako huuliza vyoo."

"Vyoo pia uliza."

Alilalamika, akaenda. Mlimani: la sita vyumba viwili, la saba vitatu, la nane kimoja. Sokoni: viwili, viwili, vitatu. Ya tatu, ile ya darajani, ilikuwa na viwili, viwili na viwili. Niliitazama sana safu hiyo ya mwisho. Wastani wake ulikuwa wa katikati, na hakuna aliyewahi kuniambia neno juu yake, zuri wala baya.

Hata hivyo vyumba vinaweza kudanganya, kwa hiyo nilimtuma tena, aulize mtoto anayechelewa katika hesabu hufanywa nini. Mwalimu wa darajani alimwambia kwamba hubaki naye Jumatano baada ya masomo, kisha mwaka ukiisha huendelea na wenzake. Alama hakuahidi.

Mke wangu hakupendezwa. "Wa mlimani ameniahidi."

"Amekuahidi nini?"

"Kwamba wote wa la nane hufaulu."

"Na wetu atafika la nane lini?"

Kisha nikasikia sauti ya binti yangu, ambaye sikujua kwamba alikuwa akitusikiliza. "Mimi nataka kwenda na wenzangu."

Alipelekwa darajani. Hesabu ziliendelea kumchelewesha, na mlimani waliendelea kuongoza orodha. Mke wangu hakuacha kunikumbusha. Kuna miezi niliyojiuliza kama nilikuwa nimemchagulia mtoto shule kwa kuhesabu vyumba.

Baada ya miaka miwili, nikiwa ndani ya basi asubuhi kuelekea zamu, nilipata ujumbe wa sauti wa binti yangu.

"Baba, tumeingia la nane. Sote, isipokuwa mmoja aliyehama."

Niliusikiliza mara mbili. Kisha nikamuuliza huyo mmoja alihamia wapi.

"Mlimani," alijibu. "Wamemrudisha la sita."