Wiepkje na Panya Waliotikisa Vichwa

Kwa miaka ishirini na miwili, kazi ya Wiepkje Tamminga katika maabara yetu pale Groningen ilikuwa kuhesabu panya wakitikisa vichwa. Mimi nilikaa meza ya pili, nikiwadunga sindano. Wengine niliwadunga dawa ya maruweruwe, wengine maji ya chumvi, naye hakuambiwa nani kapata nini. Panya hawezi kusimulia aliyoyaona. Ila dawa ile ikimwingia hutikisa kichwa kwa kasi, kama mbwa aliyetoka majini, kisha anaendelea na mambo yake. Wiepkje aliihesabu mitikiso hiyo kwa macho, nusu saa nzima bila kuinua uso.

Halafu ikanunuliwa mashine. Panya alibandikwa kisumaku kichwani, mashine ikahesabu yenyewe.

"Sasa pumzisha macho, Bi Wiepkje," Daktari Reinder Bolhuis, mkuu wa utafiti, akamwambia. "Wewe tunza vizimba tu."

Hakubisha. Alisafisha vizimba, akimaliza akavuta kiti na kuwatazama panya vilevile.

Panya wa dozi ndogo kabisa waliletwa mwishoni, katika shehena mpya. Bolhuis, kwa haraka zake, akawalinganisha na wale wa maji ya chumvi wa shehena ya kwanza. Mashine ikasema wametikisa vichwa mara mbili zaidi. Dozi ndogo namna ile! Bolhuis akaandika makala, akatununulia keki. Tulikuwa bado tunaila Wiepkje aliposema, "Hiyo makala usiipeleke kwanza."

"Kwa nini?"

"Wanajikuna."

"Panya gani asiyejikuna?"

"Hawa wanainua mguu wa nyuma kwanza, ndipo wanatikisa kichwa. Aliyelewa dawa hainui mguu. Na mashine yako haioni mguu."

Bolhuis akacheka. "Unaionea wivu mashine."

"Naionea huruma. Mmeipa kazi ya macho, na macho haina."

Akaenda akamtoa panya mmoja wa shehena mpya, akambeba kwenye viganja, akamgusisha sikioni kipande cha utepe wa gundi, kisha akakiweka chini ya hadubini. Akasogea pembeni. Bolhuis aliinama kutazama, akakawia kuinuka. Ulikuwa utitiri, mdudu wa kuwasha, unatembea.

"Makala yangu," akasema taratibu.

"Itangoja. Afadhali nikuumbue mimi hapa, kuliko uumbuliwe na watu usiowajua."

Miezi minne ya kazi ikaenda na maji. Shehena ile haikufaa tena, ikabidi panya wote wauawe. Wiepkje hakukubali mwingine afanye. Aliwachukua mmoja mmoja kiganjani, si kwa mkia kama tulivyozoea sisi. Tangu hapo nami sijamshika panya mkia.

Utafiti uliporudiwa kwa panya wasio na utitiri, dozi ndogo haikutikisa chochote. Makala ilitoka baada ya mwaka, fupi, isiyo na maajabu, na Bolhuis mwenyewe ndiye aliyeliandika jina la Wiepkje kati ya watafiti. Hakuna mtunza wanyama aliyewahi kuandikwa hivyo kwetu.

Nilimpelekea nakala. Aliisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani.

"Wamesahau j ya jina langu," akasema.

Akachomoa kalamu mfukoni, akaiongeza, kisha akaenda kuwabadilishia panya maji.